Mazungumzo ya Barazani: Mkalimani Asiyeongeza Neno

Leo nawaletea barazani habari ya mtambo wa kukuza sauti, yaani amplifaya, niliousikiliza nyumbani kwa mzee mmoja huko Uingereza. Najua wengine watasema, “Babu naye! Mitambo ya Wazungu yatuhusu nini sisi wa kijijini?” Ningojeni kidogo. Mwenye redio nyumbani, mwenye kijana anayetaka kununua spika za kukodisha harusini, na mwanakwaya ambaye kigango chake kinachanga fedha za vipaza sauti, wote habari hii yawahusu. Tena yamhusu kila mtu anayekaa na mzee nyumbani kwake.

Binti yangu wa tatu ni muuguzi katika mji wa Huntingdon, mji mdogo ulio kaskazini ya London, kando ya mto uitwao Great Ouse. Mwaka jana aliniita nikamwone yeye na wajukuu, nikakaa kwake majuma matano. Siku ya tatu akaniambia, “Baba, hapa jirani kuna mzee aliyefiwa na mkewe, yapata miaka mitatu sasa. Jioni nikitoka kazini humpelekea supu. Twende ukamsalimu, maana alikuwa mwalimu kama wewe.” Basi tukaenda.

Mzee yule ana miaka 89. Ni mrefu, mkondefu, mikono yake yatetemeka kidogo, lakini macho yake ni ya mtu mwenye akili timamu. Alisema Kiingereza polepole kwa ajili yangu, nami nikasema kwa sauti kubwa kwa ajili yake. Hatukuchukua muda kuwa marafiki, kwa kuwa walimu wa zamani hawakosi la kuzungumza. Tulianza na watoto watoro, tukamaliza na watoto waliotupita kwa akili.

Shauri lenyewe

Mara ya pili nilipokwenda alinionyesha santuri moja katika jalada lililochakaa. Ilikuwa nyimbo za kwaya ya mji wao, iliyorekodiwa mwaka 1968. Mkewe aliimba sauti ya pili katika kwaya ile kwa muda wa miaka 30, na katika wimbo mmoja wa santuri hiyo anaimba ubeti mzima peke yake.

Akasema, “Kila Jumapili alasiri namsikiliza. Lakini tangu mwaka huu naona sauti yake imefifia, maneno ni kama yamefunikwa na blanketi. Mwenye duka moja ameniambia ya kuwa mitambo yangu imezeeka. Ameniazima mtambo mpya kwa juma moja nijaribu. Nikiupenda, niuze hii ya zamani na kuongeza fedha.”

Nikamwuliza ni fedha kiasi gani. Alipotaja, binti yangu alinitazama nami nikamtazama. Ilikuwa bei ya motokaa ndogo.

Mzee akaendelea, “Fedha ninazo. Niliziweka kwa ajili ya maziko yangu, na zitakazobaki ziwe za wajukuu. Lakini kama sauti ya mke wangu imo katika mtambo huu mpya, nitazitoa. Mimi masikio yangu siyaamini tena. Je, mwalimu, utaniazima yako?”

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walakini niliogopa. Kupima kitanda au meza ni kazi nyepesi, lakini sauti ya mke wa mtu aliyekufa yapimwaje? Nikamwomba kwanza anieleze mitambo yake, nipate kujua ninachosikiliza.

Mitambo ya mzee

Alikuwa nayo miwili, mmoja wa upande wa kulia na mmoja wa kushoto. Kila mmoja ni mfupi na mwembamba, lakini ukijaribu kuuinua kwa mkono mmoja utajuta, kwa sababu ndani mna transfoma mbili zenye chuma na waya wa shaba. Jina lake ni Quad II. Ilianza kuuzwa mwaka 1953, na kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa hapo hapo Huntingdon. Kampuni ile ilianzishwa London mwaka 1936 na Bwana Peter Walker, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikahamia Huntingdon, mwaka 1941. Mzee wetu aliinunua mitambo hii mwaka 1961, mwaka aliooa. Alicheka akasema mkewe alitaka makochi, yeye akaleta mitambo, nao wakakaa juu ya viti vya mbao miaka miwili.

Sasa, amplifaya ni nini? Sindano ya kinanda ikipita katika mifereji ya santuri hutikisika, na mtikisiko ule hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana. Huo ni mnong’ono tu, hauwezi kusukuma spika. Ndipo amplifaya huja kati. Wanaotumia mifereji ya kunyweshea mashamba watanielewa upesi. Mtoto mdogo aweza kuinua na kushusha kibao cha lango la mfereji, na maji mengi yakapita au yakazuiwa kwa kuufuata mkono wake. Nguvu si ya mtoto, ni ya maji. Kadhalika umeme mdogo wa sindano ndio mkono wa mtoto, na umeme mwingi wa ukutani ndio maji.

Katika Quad II lango lile ni valvu, yaani taa za kioo kama zile zilizokuwamo ndani ya redio kubwa za zamani, ambazo zilihitaji kupata moto kwanza ndipo redio iseme. Kila mtambo una valvu tano. Huwaka kwa mwanga mwekundu hafifu, na hupata moto hata usiweze kuzigusa. Sehemu kubwa ya umeme zinaoutumia hugeuka joto tu. Sauti inayotoka ni ya wati 15. Ule mtambo mpya wa dukani haukuwa na valvu bali transista, ulipoa kama jiwe la mtoni, nao ulitoa wati 200 kwa kila spika.

Bwana Walker alikuwa na neno moja ambalo mafundi wa kazi hii walilishika. Alisema mtambo mzuri yafaa uwe kama waya mtupu: kile kinachoingia ndicho kitoke, ila kikubwa zaidi. Usitie utamu wala uchungu. Mimi nilipolisikia jambo hilo nilikumbuka wakalimani wetu wa zamani, pale mgeni alipohubiri kwa lugha yake na mtu wa kwetu akafasiri. Mkalimani mbaya hujitia na hekima zake, na watu wakarudi nyumbani wakisifu maneno ambayo mhubiri hakuyasema. Mkalimani mzuri, baada ya dakika kumi, umesahau kwamba yupo.

Nilivyosikia

Spika za mzee nazo zilinishangaza. Hazikuwa masanduku. Zilikuwa kama vile vyuma vya kupashia nyumba joto, zimesimama pana na nyembamba, zina wavu wa madini mbele. Ndani yake hamna koni ya karatasi kama spika za kwetu, bali utando mwembamba wa plastiki unaovutwa huku na huku kwa umeme. Kampuni ile ile ilianza kuziuza mwaka 1957.

Kabla ya santuri ya mkewe, mzee alitoa nyingine, akaniambia, “Hii wewe utaijua kuliko mimi.” Ilikuwa Misa Luba, ile misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Waluba na kurekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya watoto na walimu kutoka Kamina, katika Kongo, chini ya Padre Guido Haazen wa Ubelgiji. Mkewe aliipenda sana, ndiyo maana ilichakaa.

Jambo la kwanza nililosikia lilikuwa kimya. Valvu zilikwisha pata moto, sindano haijashuka, nami nikadhani mtambo haujawashwa. Redio yangu nyumbani huvuma kama nyuki hata asiposema mtu. Hapa hapakuwa na mvumo wowote. Kisha sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, na watu wakawa wamesimama mbele yetu.

Sitii chumvi. Mwimbishaji alisimama mahali pake, kwaya ikaitikia nyuma yake, wala sikuhitaji kuambiwa ya kuwa ni watoto kwa wakubwa, kwa kuwa sauti nyembamba za watoto na sauti nzito za walimu hazikuchanganyika kuwa uji. Ngoma ndizo nilizozisikiliza zaidi, maana hizo nazijua. Ngoma ina ngozi, na ngozi ina mkono. Nilisikia pale kiganja kizima kilipopiga na pale ncha za vidole zilipogusa tu. Nilisikia sauti ikikatwa, mkono ulipoachwa juu ya ngozi. Katika redio yangu ngoma zote hulia “bu”. Hapa kila moja ilikuwa na jina lake.

Yafaa niseme na upungufu wake, msije mkanidhania nimelipwa. Besi ilisikika safi lakini haikutikisa kifua. Mtu aliyezoea ngoma za uwanjani, zile zinazopiga tumboni, angesema sauti ni nyembamba. Tena mzee alipoongeza sauti zaidi ya kiasi cha sebule, kwaya ilipoimba wote kwa nguvu nilisikia kama watu wanaosongamana mlangoni. Mtambo huu si wa harusi. Ni wa watu wanne chumbani jioni.

Halafu tukaweka santuri ya mkewe. Ubeti wake ni wa mistari minne. Sauti yake haikuwa kubwa wala ya kujionyesha, ilikuwa sauti ya mama anayeimba akiwa na kazi mkononi. Kabla ya mstari wa tatu alivuta pumzi, nami nikaisikia pumzi ile wazi kabisa, kama mtu aliye upande wa pili wa meza. Mwisho wa maneno herufi zilikatika vizuri. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameweka mkono nyuma ya sikio, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu gizani.

Mtambo mpya

Mjukuu wa mzee, kijana fundi wa umeme, akaja siku ya Jumamosi kutuunganishia ule mtambo mpya. Tukaweka santuri zile zile. Mara moja nikasema, “Loo! Huu ni bora.” Niliona sauti ni pana zaidi, besi imejaa, na kwaya imekaribia. Nilisema haya kwa hakika kabisa, kama shahidi mahakamani. Mzee akashusha pumzi, nikaona tayari anazihesabu fedha zake.

Kijana yule akatabasamu, akasema, “Babu mgeni, ngoja.” Akatoa kipimo chake cha umeme, akapima mahali waya zinapoingia katika spika. Akakuta kwamba ule mpya ulikuwa unatoa sauti kubwa kidogo kuliko ile ya zamani. Ni kidogo sana, kiasi ambacho sikio halisemi “hii ni kubwa,” bali hudanganyika na kusema “hii ni nzuri.” Akapunguza mpaka yote ikalingana. Kisha akafunika mitambo yote kwa shuka, akanigeuza nitazame dirisha, akaanza kubadili waya nyuma ya mgongo wangu. Kila mara alinipigia ubeti mmoja, nami nikasema ni ya zamani au ni mpya, na binti yangu akaandika. Tulifanya mara kumi.

Wasomaji wapenzi, nilipatia mara sita na kukosa mara nne. Mtoto arushaye shilingi juu aweza kupata hivyo hivyo bila kusikiliza kitu. Ile besi iliyojaa na ile kwaya iliyokaribia vilikwisha kutoweka. Nilikuwa nimetoa ushahidi wa uongo pasipo kukusudia, nikaona haya.

Kijana akanifariji. Akasema ya kuwa mwaka 1978 gazeti la mafundi wa Uingereza, Wireless World, lilitoa habari ya jaribio lililosimamiwa na Bwana James Moir. Walilinganisha mitambo mitatu ya kampuni ile ya Walker: Quad II hii ya valvu, na miwili ya transista iliyoifuata, Quad 303 ya mwaka 1967 na Quad 405 ya mwaka 1975. Wasikilizaji hawakuonyeshwa upi unapiga. Matokeo yake, hawakuweza kuitofautisha kwa namna ya kuaminika. Nao walikuwa watu wenye mazoea ya kusikiliza, si mzee wa kijijini aliyezoea redio inayovuma.

Kwa nini sauti kubwa kidogo hutuhadaa? Hii nayo ni elimu ya siku nyingi. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza masikioni. Ukiongeza sauti, besi hurudi, na wimbo huonekana umenenepa. Mwenye duka anayejua hayo hahitaji kusema uongo, atageuza kitufe kidogo tu. Sisemi kwamba huyu wa mzee alifanya hivyo. Mtambo wake ulikuwa mzuri kweli, wala haukuongeza neno. Lakini ule wa zamani nao haukuongeza, na ulikuwa umekwisha lipiwa tangu mwaka 1961.

Kifaranga juu ya dari

Sasa lilibaki swali la mzee. Kama mitambo yote miwili yatoa sauti ile ile, blanketi lile limetoka wapi?

Jibu lilitujia bila kutafutwa. Kati ya wimbo na wimbo, chumba kikiwa kimya, nilisikia kitu kinalia juu ya dari, “pii,” kama kifaranga aliyepotea. Baada ya dakika moja kikalia tena. Nikamwuliza binti yangu kwa Kiswahili, “Huyu ndege ameingiaje?” Akacheka, akaniambia ni king’ora cha moto, betri yake ikikaribia kwisha hulia hivyo ili ibadilishwe. Kisha akaacha kucheka. Akamgeukia mzee, akamwuliza, “Mzee wangu, hiki kimeanza kulia lini?”

Mzee akasema, “Kipi?”

Kikalia mara ya tatu. Sisi watatu tuliinua macho kwenye dari, yeye akatutazama sisi.

Hapo ndipo tulipofahamu. Binti yangu alikaa karibu naye, akamweleza kwa upole kama wauguzi wanavyojua. Masikio ya mtu yakizeeka hayafungiki yote mara moja. Sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kwenda: sauti za ndege, za ving’ora, na zile herufi zinazotoka menoni na midomoni, s na f na t. Sauti nene hubaki. Ndiyo sababu mzee husema, “Nasikia mnaongea, ila siwasikii mnasema nini.” Ndiyo sababu pia sauti ya mke wake ilikuwapo, lakini maneno yake yamefunikwa.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo bado yumo katika santuri?”

Nikamjibu, “Yumo, na kabla ya mstari wa tatu anavuta pumzi.”

Akageuka kutazama dirishani, nasi tukamwacha.

Kijana fundi akaongeza jambo moja la maana. Zile spika za utando ziliundwa ziendeshwe na mtambo wa wati 15. Zikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi zaweza kuungua ndani. “Babu angekuwa na wati 200,” akasema, “na kwa kuwa hasikii, kila siku angeongeza sauti kidogo. Siku moja angeziua spika, na sauti ya bibi isingesikika tena humu na mtu yeyote.” Basi nikaona jinsi dawa ya ugonjwa usiokuwepo inavyoweza kuleta ugonjwa mwenyewe.

Mambo ya kuchukua nyumbani

Kutokana na habari hii nina mashauri machache kwa wenzangu wa kijijini.

Kwanza, habari ya wati. Madukani kwetu utakuta spika imebandikwa karatasi yenye nyota, “wati 10,000”. Usiisome karatasi hiyo. Geuza mtambo, tazama nyuma yake mahali palipoandikwa unakula umeme wa wati ngapi. Ukikuta unakula wati 60, ujue hauwezi kuendelea kutoa hata hizo 60, kwa sababu sehemu nyingine hugeuka joto. Mtungi wa lita ishirini haumimini lita elfu. Debe tupu haliachi kuvuma, na karatasi ya dukani ni hivyo hivyo.

Pili, nguvu na ukubwa wa sauti si kitu kimoja. Ukiongeza wati mara kumi, masikio husikia sauti imeongezeka kama mara mbili tu. Wati 200 za mtambo mpya wa mzee zilikuwa zaidi ya mara kumi na tatu ya wati zake 15, lakini sauti yake ya juu kabisa ingezidi kwa mara mbili na kitu kidogo. Tena sebuleni, kwa kusikiliza kwa kawaida, wati moja au mbili zatosha. Kigango kikitaka kusikika mpaka nje uani, ni afadhali kuongeza spika nyingine na kuzisogeza karibu na watu kuliko kununua mtambo mmoja wa kutisha. Sauti hupungua sana kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali.

Tatu, ukijaribu vitu viwili dukani, sema vilinganishwe kwa sauti iliyo sawa. Chukua sauti unayoijua: kwaya yenu, au hotuba ya mtu unayemfahamu. Mimi nilifahamu ubora wa Quad II kwa sababu ya ngoma. Kama angenipigia vinanda vya Ulaya peke yake, ningesifu tu bila kujua ninasifu nini. Mtambo mzuri ni ule unaokufanya useme, “Kumbe ndivyo aimbavyo fulani,” wala si ule unaokufanya useme, “Lo, spika gani hizi!”

Nne, mwenye mtambo wa valvu nyumbani asiufungue kwa udadisi. Umeme wa ndani yake ni mkali kuliko ule wa ukutani, nao hukaa humo hata baada ya kuzimwa. Mpe fundi anayejua. Mzee wetu alimlipa fundi fedha kidogo akague vifaa vilivyochakaa, kwa maana kitu cha mwaka 1961 chahitaji kuangaliwa hata kama kinaimba vizuri.

Na la mwisho ndilo kubwa. Mzee nyumbani akianza kusema redio imeharibika, watoto wanong’ona, padre hasemi wazi siku hizi, msimcheke, wala msikimbilie kununua redio nyingine. Mpelekeni kwanza akapimwe masikio hospitalini. Wengi wetu tunaona haya kukiri kwamba hatusikii, twaitikia “ndiyo, ndiyo” kwa maneno tusiyoyafahamu, mwisho tunaacha kukaa barazani. Mzee akiacha kukaa barazani amekwisha anza kuondoka.

Mtambo mpya ulirudishwa dukani kabla juma halijaisha, na mwenye duka akaupokea bila maneno. Mimi nikarudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu binti yangu alinipigia simu. Mzee amepata vifaa vya kusaidia masikio, ambavyo huko hospitali za serikali huwapa watu bila malipo. Juma la kwanza alivichukia: vijiko vilimpigia kelele, karatasi zilimpigia kelele, na santuri zikalia kama kopo. Binti yangu akamsihi avumilie, kwa kuwa kichwa nacho chahitaji muda wa kujifunza upya kusikia. Akavumilia.

Jumapili moja alasiri alimpigia binti yangu simu, akamwambia, “Mwambie baba yako kwamba ni kweli. Kabla ya mstari wa tatu anavuta pumzi.”

Basi, wasomaji wapenzi, nawaaga. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, maana barua zenu juu ya jambo hilo zimejaa mezani kwangu.

Ni mimi, Babu yenu wa Barazani.